Mtoto Huyu ni Mkaidi, au Anaumia?



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa watoto wakawa pambo la nyumba zetu, na tunamtakia rehema na amani Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, leo nataka tuzungumze jambo ambalo limo ndani ya majumba yetu, Mjini na mashamba, wala halizungumzwi ila kwa kunong'ona baina ya mama na mama, au kwa ukali baina ya baba na mwanawe. Nalo ni jambo la mtoto ambaye vitu vya kila siku, visivyomshughulisha mtu mwengine, yeye vinamtesa.

Bila ya shaka umemwona. Ni mtoto ambaye adhana ikitoka kwenye kipaza sauti huziba masikio akakimbilia chini ya kitanda. Ni mtoto ambaye siku ya Sikukuu huvishwa kanzu mpya iliyotiwa wanga na kupigwa pasi, na kabla hajafika uwanja wa Mnazi Mmoja ameshaivua, analia. Ni msichana ambaye akikaa kusukwa nywele ukelele wake husikika hata nyumba ya tatu. Ni mtoto asiyekula ila wali mkavu, na ukimtilia mchuzi juu yake hutapika. Na yuko mwengine aliye kinyume cha hao: hatulii, hujigonga kwenye kuta, huruka kutoka barazani, huwakumbatia wenziwe kwa nguvu hata wakaumia, na mwenyewe akianguka akachubuka goti wala halii.

Watu wakimwona mtoto kama huyu wana majawabu matatu tayari. Wa kwanza husema ni mkaidi. Wa pili husema mama yake amemdekeza. Wa tatu hutazama kushoto na kulia, kisha husema ana shetani. Mimi nakuomba, kabla hujachagua moja katika hayo matatu, unipe muda kidogo tulitazame la nne: kuwa mtoto huyu anaumia. Na ikiwa hili la nne ndilo, basi tujiulize, nini hukumu ya mtu mzima anayempiga mtoto kwa sababu ameumia?

MILANGO YA FAHAMU

Wazee wetu waliziita hisi tano milango ya fahamu, na jina hilo lina maana kubwa. Mlango una kazi mbili, kufungua na kufunga. Nyumba ya Mji Mkongwe ina mlango wa mbao nzito, na mwenye nyumba akiufunga, makelele ya uchochoroni hubaki nje. Wewe unayesoma maneno haya umeshaifunga milango mingi bila ya kujijua. Huihisi nguo iliyo mwilini mwako, husikii feni, hupati harufu ya nyumba yako mwenyewe. Akili yako imekwisha kuvipima vitu hivyo, ikaona havina haja, ikavirudisha. Hiyo ni neema kubwa, na kama zilivyo neema nyingi, hatuitambui kwa kuwa hatujapata kuikosa.

Wako watoto ambao milango yao haifungi vizuri. Kila kitu kinaingia, tena kwa pamoja na kwa nguvu moja: sauti ya mwalimu, honi ya vespa, harufu ya samaki, mshono wa shingo ya kanzu, taa inayomemetuka. Na wako ambao milango yao ni mizito kufunguka. Utamwita mara tatu asikusikie na masikio yake mazima, na atagusa sufuria ya moto achelewe kuuondoa mkono. Na wako wanaoutafuta mguso na mwendo kama mwenye njaa anavyotafuta chakula. Hao ndio wanaoruka na kujigonga kutwa, kwa sababu mwili wao hauwapi khabari ya kutosha mpaka utikiswe.

Tena milango si mitano tu. Ndani ya sikio kimo kiungo cha mizani, kinachotujuulisha kama tumesimama, tumeinama au tunazunguka. Na ndani ya misuli na maungio imo hisi inayotwambia mkono wetu uko wapi hata tukifumba macho. Ndiyo inayokuwezesha kuipeleka tende kinywani bila ya kukosea, umeme ukikatika wakati wa kufuturu. Mtoto ambaye hisi mbili hizi zina kasoro huziogopa zile ngazi ndefu za giza za nyumba za Mjini, huvunja vikombe bila ya kukusudia, na huikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika. Kisha huambiwa kuwa hana adabu na vitu vya watu.

Mtu aliyeyapanga mambo haya yakawa elimu ni Jean Ayres, bibi wa Kimarekani aliyefanya kazi California na aliyeishi baina ya 1920 na 1988. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watoto waweze kuzimudu shughuli zao za kila siku. Mwaka 1972 alitoa kitabu kwa ajili ya wataalamu, na mwaka 1979 akatoa chengine ambacho wazazi waliweza kukifahamu. Kabla yake, mwaka 1943, daktari Leo Kanner alipoandika juu ya watoto ambao leo tungesema wana usonji, alitaja jinsi walivyotishwa na sauti kubwa. Na mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walipokitengeneza upya kitabu chao cha kutambua maradhi, waliziingiza shida za hisi katika alama za usonji.

Lakini fahamu kuwa si kila mtoto mwenye shida hizi ana usonji, wala hazionyeshi kuwa akili yake ni pungufu. Madaktari wenyewe wanakhitilafiana kama shida hizi peke yake zipewe jina la maradhi mbali, na mwaka 2012 jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani iliwaonya wanachama wake wasiharakishe kulitumia jina hilo. Sisi ugomvi wa jina hautuhusu sana. Mtoto anaumia kabla hajapewa jina lolote.

KITANDA USICHOKILALIA

Twasema sote kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Twaitumia methali hii kwa mwenye ndoa ya taabu, kwa aliyefiwa, kwa mwenye deni. Ajabu ni kuwa tunaisahau pale anayelalia kitanda anapokuwa mtoto. Mtu mzima akisema kichwa chaniuma, twamtafutia dawa wala hatumtaki athibitishe. Mtoto akisema nguo yaniuma, twamjibu kuwa nguo haiumi. Tumejuaje? Tumejua kwa ngozi yetu sisi, tukaifanya ngozi yetu ndiyo mizani ya ngozi za watu wote.

Sharia yetu haikufanya hivyo. Imran bin Husayn (R.A.), Sahaba aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alimuuliza Bwana Mtume (S.A.W.) juu ya sala yake. Aliambiwa asali kwa kusimama. Kama hawezi, kwa kukaa. Na kama hawezi, kwa kulala ubavu. Nani atakayesema kuwa anaweza au hawezi? Ni mwenyewe Imran. Sharia imemwamini mtu juu ya mwili wake, tena katika nguzo ya dini.

Na iko khabari nzito zaidi aliyoipokea Abu Dawud. Mtu mmoja safarini alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wao wakamjibu kuwa hawaoni ruhusa, kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Bwana Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza.

Zingatia, ndugu msomaji. Watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa ni watu wa dini, na kanuni waliyoitumia ni ya kweli, kuwa mwenye maji haogi kwa mchanga. Kosa lao ni kuwa waliitazama kanuni wasikitazame kile kichwa kilichopasuka. Na sisi tunapomwambia mtoto kila mtu anavaa kanzu, kila mtu anakula mchuzi, kila mtu anakaa chuoni, tunasema kweli. Lakini tumeutazama mwili wake?

MTOTO ANAYEIKIMBIA ADHANA

Katika mambo yote haya, lililo gumu kwa Muislamu ni hili la adhana. Mtoto anayeziba masikio adhana inapotoka huwatia hofu wazee wake. Wanaikumbuka Hadithi inayosema kuwa shetani huikimbia adhana, na mara wanamtazama mtoto kwa jicho jengine. Bibi anasema apelekwe kwa mtu akasomewe. Baba anaona aibu kwa majirani.

Basi mfanyie mtoto huyo mtihani mwepesi. Wakati nyumba imetulia, mpakate, weka mdomo wako karibu na sikio lake la kulia, umwadhinie pole pole. Utaona hakimbii. Huenda akakwambia umrudilie. Kwani hivyo ndivyo alivyoisikia adhana mara yake ya kwanza, siku aliyozaliwa, baba au babu yake alipompakata akamnong'oneza. Maneno hakuyakimbia siku ile wala hayakimbii leo. Anachokikimbia ni chombo cha chuma kilichofungwa juu ya ukuta unaotazamana na dirisha lake, katika mji ambao misikiti imekaribiana hata adhana moja haijesha nyengine imeshaanza.

Sisemi adhana iondolewe, audhubillahi. Ni alama yetu, na mji usiokuwa na adhana ni mji wa ukiwa. Nasema tusimhukumu mtoto kwa imani yake kwa sababu ya kipaza sauti. Tena Bwana Mtume (S.A.W.) alipokuwa katika itikafu akawasikia watu wanasoma Qur'ani kwa sauti kubwa, alifunua pazia akawakumbusha kuwa kila mmoja wao anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane. Ikiwa Qur'ani yenyewe tumeambiwa tusiisome kwa namna ya kuwaudhi wenzetu, jee, kigoma cha harusi, redio ya barazani na fataki za usiku wa Sikukuu?

Ukiipitia Sira kwa jicho hili utaona jinsi Mtume wetu alivyokuwa akizichunga hisi za watu. Miqdad (R.A.) amesimulia kuwa alikuwa akiingia usiku penye wageni waliolala, akitoa salamu kwa kiasi ambacho aliye macho husikia na aliyelala haamki. Aliyekula kitunguu thomu kibichi aliambiwa asiukaribie msikiti, kwa kuwa harufu inawaudhi wengine. Alipoandaliwa nyama ya dhabb, yule mjusi mkubwa wa jangwani, aliuzuia mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) alipomuuliza kama ni haramu, alimjibu kuwa siyo, ila mnyama huyo hayuko katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta sahani akala, wala hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Na alipokuwa akisalisha akasikia mtoto analia, aliifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Huyo ndiye kiigizo chetu. Basi inakuwaje mtoto mdogo akiukataa mlenda kwa kuwa unamteleza kinywani, tumwite mwanakharamu?

WENYE KUPINGA

Najua wako watakaonijibu, na maneno yao yana uzito.

Wa kwanza atasema samaki mkunje angali mbichi. Kweli. Lakini methali imesema mkunje, haikusema mvunje. Mtoto wa namna hii anahitaji malezi kuliko wenziwe. Atafundishwa sala, atafundishwa kuamkia wakubwa, atazoeshwa kidogo kidogo yale yanayomtisha. Tofauti ni mahali pa kuanzia. Anayemfundisha mwanawe kuogelea huanzia maji ya magotini, hamtupi mkondoni. Na anayetaka mwanawe aizoee Sala ya Ijumaa aanze na Alasiri katika msikiti mdogo, safu ya nyuma, mbali na spika.

Wa pili atataja Hadithi ya kuwaamrisha watoto sala wakiwa na miaka saba na kuwapiga wakiwa na miaka kumi. Hadithi hiyo wanavyuoni wameieleza kwa masharti yake: pigo lisilojeruhi, lisilofika usoni, na pale tu panapotarajiwa faida. Nani anayetarajia kuwa bakora itaifanya ngozi iliyo nyepesi kuwa nzito? Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoimaliza mwaka 1377, alikwisha eleza kuwa mwanafunzi anayelelewa kwa ukali na kutenzwa nguvu hupoteza uchangamfu, akajifunza uwongo na hila ili ajiokoe. Tumewaona watoto wa namna hiyo. Huacha kulalamika, nasi tukadhani wametengenea.

Wa tatu atasema, tumeamrishwa uadilifu baina ya watoto. Vipi huyu apikiwe wali mbali na wenziwe wale tulichopika? Kweli pia. Nu'man bin Bashir (R.A.) alipopewa zawadi na baba yake bila ya nduguze, Bwana Mtume (S.A.W.) alikataa kuwa shahidi. Lakini uadilifu ni kumpa kila mmoja haki yake. Baba aliyewanunulia watoto watano viatu vya kipimo kimoja amewafanya sawa, wala hakuwafanyia uadilifu. Waeleze nduguze kwa maneno mepesi kuwa masikio ya mwenzenu yanasikia sana, na utaona watoto wanafahamu mapema kuliko mashangazi.

Na wa nne atauliza, nitajuaje kama ni maumivu au ni ukaidi kweli? Suala zuri. Mara nyingi mkaidi hutazama uso wako apate kujua umeshindwa au bado. Anayeumia hatazami mtu. Mkaidi akipata akitakacho hunyamaza. Anayeumia hata umpe halua hanyamazi mpaka kile kinachomuumiza kiondoke. Mkaidi hubadilisha mambo. Anayeumia jambo lake ni lile lile, awepo mgeni asiwepo, hata likimkosesha kitu anachokipenda. Chukua daftari, andika kwa wiki mbili: alilia lini, wapi, kulikuwa na sauti gani, nguo gani, chakula gani, alikuwa na usingizi au njaa. Daftari hilo litakufundisha mengi kuliko maneno ya watu.

TUFANYE NINI?

Kwanza kabisa, mpeleke hospitali apimwe masikio na macho. Pengine asiyeitika hasikii, na anayejikwaa haoni. Na akichelewa kusema, au akipungua uzito kwa kukataa vyakula, usingoje akue.

Nyumbani, kanzu ya Sikukuu ifue mara tatu nne kabla ya siku yenyewe, usiitie wanga, na kile kitambaa cha alama kinachoshonwa ndani ya shingo kikate. Wali na mchuzi viweke mbalimbali, na chakula kigeni kiweke kidogo pembeni akione na akinuse, bila ya kumlazimisha. Nywele zipake mafuta kwanza, zichane kutoka nchani, na kichwa kishike kwa mkono uliotulia, kwani watoto wengi wa namna hii mguso mwepesi wa kupapasa huwaudhi kuliko wa kukandamiza. Mpe khabari ya jambo kabla halijawa: adhana inakaribia, kesho kuna maulidi, leo tutapita Darajani. Na mwekee pembe yake moja, nyuma ya pazia, na kanga ya mama yake, pahali pa kukimbilia ulimwengu ukimzidi. Pembe hiyo isifanywe kamwe kuwa pa kumfungia kwa adhabu.

Kwa yule asiyetulia, kazi nzito huwatuliza wengi: kuchota maji, kubeba kikapu cha sokoni, kutwanga, kukuna nazi, kukanda unga wa chapati. Bembea mwembeni na kuogelea pwani ni mambo ambayo kwengine watu huyalipia fedha nyingi, na sisi tunayo bure. Usidhani lakini kuwa ni dawa ya kuponya. Majaribio ya wataalamu hayakutoa jibu moja kwa watoto wote. Mtazame wako. Likimtuliza, endelea nalo, lisipomtuliza, liache.

Chuoni ndiko kwenye khatari kubwa, na naomba walimu wetu watuwie radhi. Katika vyuo vyetu watoto thalathini husoma kwa sauti pamoja, kila mmoja na sura yake. Kwetu sisi ni sauti ya baraka. Kwa mtoto huyu ni mvua ya mawe. Akiziba masikio akapigwa, akirudi kesho akapigwa, atajifunza nini? Atajifunza kuwa Qur'ani ni kitu kinachoumiza. Na hilo likikita moyoni katika miaka sita, nani ataling'oa katika miaka thelathini? Wazazi wa zamani walikuwa wakimwambia mwalimu achukue nyama, wao warejeshewe mifupa. Moyo wa mtoto hawakuutaja, nao ndio tulioupeleka kusoma.

Dawa yake si ghali. Mwalimu amweke pembeni, kando ya ukuta, badala ya katikati ya jamvi. Amsikilize yeye kwanza kabla wenziwe hawajajaa. Akianza kutapatapa amtume maji, arudi. Robo saa ya kusoma kwa furaha ni bora kuliko saa mbili za machozi. Qur'ani yenyewe iliteremshwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23, na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameshauri mtoto aachiwe acheze mchezo mzuri baada ya chuo ili moyo wake usife.

Na kwa wale wanaokwenda kutafuta shetani, nasema hivi. Dua ya mzazi kwa mwanawe ina daraja kubwa kwa Mola. Msomee mwanao, kwa sauti ya upole, mkono wako uko kichwani pake. Lakini anayemfungia mtoto chumbani kwa moshi wa kumsonga roho, au anayempiga bakora akisema anampiga shetani, ajiulize bakora ile inatua kwenye ngozi ya nani.

Serikali nayo haikunyamaza. Zanzibar ilipitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 imekataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1999, ni katika walioshirikiana na Wizara ya Elimu kuanzisha elimu mjumuisho katika baadhi ya skuli mwaka 2004, ili mtoto mwenye mahitaji yake asome pamoja na wenziwe. Na bara, katika hospitali ya KCMC Moshi, hufunzwa wataalamu wa kazi ile ile aliyokuwa akiifanya Jean Ayres. Hawatoshi, lakini wapo. Mzazi aulize skuli, aulize hospitali, asione haya. Tumekwisha sikia kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza.

NENO KWA BABA, NENO KWA JIRANI

Baba, mara nyingi mama ndiye anayebebeshwa lawama hii. Yeye ndiye aliyeamka na mtoto saa nane za usiku, na asubuhi wifi yake anamwambia amemdekeza. Usingoje akuombe. Mchukue mtoto alasiri, mpeleke ufukweni wakati wa maji kupwa, watu wachache na upepo mwingi, mama apumzike. Na mbele ya jamaa zako sema neno moja tu la kumtetea. Wewe ukilisema, nyumba nzima itanyamaza.

Na wewe jirani, uliyemwona mtoto amejitupa chini sokoni anapiga mayowe, na mama yake amesimama hajui aufiche wapi uso wake: usimtolee fatwa. Mchukulie kikapu chake. Wapishie njia watoke pale penye makelele. Hilo huenda likawa zito katika mizani yako kuliko mawaidha uliyotaka kumpa.

Sote ni wachunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto huyu hakuiomba milango aliyopewa, kama sisi tusivyoiomba yetu. Aliyemuumba na aliyetuumba ni mmoja, na ameviweka viwili hivi, unyonge wake na nguvu zetu, chini ya paa moja, atazame nguvu zitaufanyia nini unyonge.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuwaona watoto wetu walivyo, atupe subira ya kuwalea, na awajaalie kuwa kitulizo cha macho yetu duniani na Akhera. Amin.